Siku Mbwa Wangu Alipotii Kuliko Nilivyotaka

Walisema sitaweza, na nianze na maneno yao ili mjue kwamba aibu niliyoipata sikuipata kwa uvivu. Papa Bushiri, jirani ambaye ua wake umetenganishwa na wangu kwa mstari wa mihogo tu, alisimama siku moja mlangoni kwangu, akatazama kizimba cha mbao nilichokuwa nakigongea misumari katika kona ya sebule, akasema, "Wewe Diplome, ukifaulu kumulalisha imbwa wa Kalemie ndani ya hili sanduku, mulango wazi, na viti vya nyumba asivipande, mimi nahamia kulala na kuku zangu." Watu wakacheka. Mwingine akaongeza kwamba nimemjengea mbwa buloko, jela kabisa, ndani ya nyumba, na mbwa mwenyewe hajaiba kitu. Mimi nilitabasamu tu, kwa sababu mtu mwenye diploma habishani na mtu mwenye kuku.

Jina hilo la Diplome walinipa siku nilipoteremka melini kutoka Kigoma nikiwa nimekikumbatia cheti changu ndani ya fremu, kifuani kabisa, kama mtoto mchanga, ili maji ya ziwa yasikirukie (ndiyo, nilivuka Tanganyika nzima hivyo, na sikulala, nilikuwa naota macho wazi). Niliondoka hapa na mkoba mmoja, nikalinda mageti ya watu Dar es Salaam, nikalipa karo kwa jasho langu, na nikafuzu kufundisha mbwa. Si kuwapiga, si kuwapigia kelele, kuwafundisha. Katika mji huu mzima, niambieni mwingine.

Kapita nilimwokota bandarini. Sikio moja limekatika, rangi yake kama vumbi la reli, na alikuwa akila vichwa vya migebuka chini ya meza za wauza samaki. Ningeweza kutafuta mbwa wa kizungu mwenye manyoya ya kuchana, lakini nilitaka watu waone kwamba ni ufundi, si mbwa.

Nikamfundisha kwa subira, jamani, subira ambayo hata mama yangu hakuwa nayo kwangu. Mwanzo nilimwekea chakula karibu na kizimba, kisha mlangoni, kisha ndani, mlango nikiuacha wazi mpaka akaingia mwenyewe kana kwamba wazo lilikuwa lake. Ndipo nikaanza kuufunga kidogo na kuufungua kabla hajalalamika. Sikumwingiza humo kwa adhabu hata mara moja, kwa sababu mbwa anayeadhibiwa chumbani mwake hatakipenda chumba hicho, na wewe pia usingekipenda. Neno la kwenda kulala lilikuwa "Kwako!" Neno la kutoka juu ya kitu lilikuwa "Shuka." Viti vilikuwa mwiko, bila huruma na bila siku ya sikukuu, maana ukimruhusu mbwa mara moja kwa sababu leo una furaha, kesho hatajua kwamba huna. Jioni nilikuwa nakaa mlangoni, ziwa limetulia kama sahani ya bati, nasema "Kwako," na nyuma yangu nasikia kucha zikivuka sakafu, tik, tik, tik, kisha ile pumzi ndefu ya kiumbe aliyefika nyumbani. Nilikuwa naona kabisa kibao mbele ya nyumba yangu, jina langu kwa rangi ya buluu, na foleni ya watu wenye mbwa ikifika mpaka barabarani.

Sasa kuhusu Furaha.

Furaha ni mwanamke ninayetaka kumwoa, na kwao walikuwa hawanikatai mimi, walikuwa wanamkataa mbwa. Mjomba wake, Papa Ngoy, aliniambia wazi: "Imbwa analinda mulango, halali na bantu. Mutoto wetu hataingia nyumba yenye manyoya kwenye viti." Nikajibu kwamba mbwa wangu ana adabu kuliko wageni wengine. (Angalieni mdomo huu.) Akasema, vizuri, tutakuja kuona nyumba, shangazi atatoka Kongolo, yeye njo mwenye neno la mwisho, na tukikuta mambo ni kama unavyosema, siku hiyo hiyo tunakupa tarehe ya posa. Tukikuta manyoya, utaoa huyo imbwa.

Kitenge cha posa kilikuwa kimekwisha kuchaguliwa, kama ilivyo desturi, kitambaa kimoja kwa familia mbili: majani ya kijani juu ya manjano, nta mpya, kile kitambaa ambacho harufu yake inaingia mlangoni kabla ya aliyekivaa. Kila mtu alipewa kipande chake mapema akashone. Kwa akina Furaha kuna jambo moja zaidi, naye mwenyewe ndiye aliyenieleza: shangazi anayekuja kukagua nyumba akija amevaa kitenge hicho, maana yake moyo wake umekwisha kukubali nusu, akija nacho mkobani, bado anafikiri.

Mimi nilishonewa shati, na fundi akanirudishia kipande kilichobaki, kikubwa kiasi cha taulo. Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Ndani ya kizimba Kapita alikuwa akilalia gunia la zamani la unga, nikawaza kwamba wageni watachungulia, na gunia si kitu cha kuonyesha watu. Nikalitoa, nikatandika kile kipande cha kitenge. Kikapendeza! Kapita akakinusa, akajizungusha, akalala, na kwa majuma mengi yaliyofuata kila nilipotamka "Kwako" alikimbilia harufu ile kama mtoto anavyokimbilia mgongo wa mama yake. Hata nilikitoa nikakitandika uani, akaenda kukilalia uani. Nikapiga makofi peke yangu. Chuoni walituambia hiyo ni hatua ya juu: mbwa amebeba kitanda chake kichwani, ukitandika popote, pale ni kwake.

Viti je? Sikuwa na viti. Nilikuwa na diploma ukutani, kizimba, na kigoda cha jikoni. Nikaenda kwa Papa Bushiri yuleyule nikamwomba kiti chake kikubwa cha sofa, akanipa huku akicheka, kwa sharti kwamba baadaye atanikumbusha mbele ya watu kuwa nilimwomba. Mama Riziki wa nyumba ya tatu akanipa meza na sahani. Parokiani nikaazima viti vya plastiki vya kwaya. Na kwa nini nisingewaambia wageni kwamba ni vya kuazima? Kwa sababu nilikuwa nimemwambia Papa Ngoy, kwa kinywa changu hiki, kwamba kila kitu kilichomo ndani ya nyumba ile nimekipata kwa mikono yangu.

Siku ikafika. Dada yangu mkubwa, yaya Odette, alikuja alfajiri kupika, nami nikaenda sokoni kutafuta vinywaji baridi. Niliporudi nyumba iling'aa, viti vimepangwa, na kile kiti kikubwa, ambacho kilikuwa kimechanika pale pa kukalia mpaka sponji ikachungulia, kimefunikwa kitambaa kizuri. Macho yangu yalikiona kitambaa. Mnajua vile mtu mwenye furaha anavyoona vitu, anavipita juu juu kama ndege? Niliona manjano na kijani nikawaza tu, eh, yaya Odette anajua kupamba. Kapita nilikuwa nimemfunga uani asisumbue mapishi.

Wakaja. Mama yake Furaha, Papa Ngoy, Furaha mwenyewe nyuma yao akiangalia chini na kucheka kwa macho, na mbele ya wote Shangazi Kalunga, mwanamke mpana, mpole, mwenye uchovu wa treni ya Kongolo mabegani. Na alikuwa amekivaa! Wote walikuwa wamekivaa, sebule ikajaa kijani na manjano na ile harufu ya nta mpya, na moyo wangu ukawa mwepesi mpaka nikahisi miguu haigusi sementi.

"Karibu, Mama Shangazi, kiti chako ni hiki," nikasema, nikamkalisha kwenye kile kikubwa.

Tulikula migebuka ya kukaanga, sombe ya majani ya mihogo, na ugali. Upepo wa ziwa ukaanza kuingia dirishani, ule wa baada ya saa sita unaotikisa pazia kidogo na kuliacha, kulitikisa na kuliacha, na watu wakashiba, sauti zikapungua. Mimi nikawa nazungumza. Nilizungumza juu ya Dar es Salaam, juu ya chuo, juu ya mageti, na maneno yakawa yanatoka yenyewe, laini, huku kichwani namwona Furaha akipita katika sebule hii na kikombe cha chai. Sikutambua kwamba Shangazi amelala. Kichwa kimeegemea, mikono juu ya mapaja, anapumua polepole.

Papa Ngoy akanong'ona, "Muache apumuzike. Sasa tuonyeshe huyo imbwa wako, Diplome."

Nikamleta Kapita. Nikasimama wima, nikavuta shati langu la kitenge, nikasema kwa sauti ya chini yenye mamlaka, "Kwako."

Kapita akavuka sakafu, tik, tik, tik, akaingiza kichwa kizimbani. Akakitoa. Akanitazama kama mtu aliyerudi safari akakuta kitanda chake kimeuzwa. Kisha akainua pua, akanusa upepo ule wa dirishani, na uso wake ukafunguka. Akaenda moja kwa moja kwa Shangazi Kalunga, akapanda mapajani mwake kwa upole usioelezeka, akajizungusha, akalala, akatoa ile pumzi ndefu.

Na Shangazi, katika usingizi wake, akainua mkono akauweka juu ya mgongo wa mbwa, akampapasa, akasema taratibu, "Baba Kyungu, sogea kidogo." Huyo alikuwa mumewe, marehemu. Pazia likatikisika likatulia. Mimi nawaambia kweli, kwa dakika ile kulikuwa na uzuri fulani ndani ya nyumba, wote wawili wamelala, mwanga wa ziwa unacheza darini, na kama ningekuwa na akili ningetoka nje na kuendelea kutembea mpaka Kabalo.

"Shuka," nikanong'ona.

Akashuka palepale. Mnaona? Utii! Hapo ningemshika shingoni nimtoe nje, jambo lingekwisha, Shangazi asingejua. Lakini aliyefuzu hamkamati mbwa kwa mkono mbele za watu, mkono ni wa wasiojua, nikasema tena, kwa ukali zaidi, "Kwako!"

Akapanda mapajani kwa mama yake Furaha.

"Yeee! Mama yangu!" Sahani ya Mama Riziki ikaanguka.

"Shuka! Kwako!"

Akapanda kwa Papa Ngoy, ambaye alikuwa ameshonewa suti nzima ya kitenge, koti na suruali, kwa hiyo Kapita hakujua aanzie wapi, na Papa Ngoy akajirusha nyuma, kiti cha plastiki kikapinduka, miguu juu, na chini yake, kwa rangi nyekundu, maandishi makubwa: MALI YA KWAYA. Kadiri nilivyoamuru ndivyo mbwa alivyotii, na kadiri alivyotii ndivyo nilivyozidi kuamuru. Furaha alikuwa amejificha uso kwa viganja viwili, mabega yanatikisika, na mpaka leo hajaniambia kama alikuwa analia au anacheka.

Shangazi akafungua macho. "Ngoy, unafanya nini chini?"

"Muulize mukwe wako," akasema Papa Ngoy, akijipangusa. "Muulize pia kama anaimba kwaya."

Shangazi akanigeukia bila hasira. Akamtazama Kapita, ambaye sasa alikuwa ameketi mbele yake akitikisa mkia, akisubiri neno. "Mutoto, mbona imbwa anafuata kitenge chetu?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema sijui. Neno moja, sijui, hata mbumbumbu anaweza kulisema. Lakini nilikuwa nimeulizwa swali la fani yangu, mbele ya watu walionidharau, na nikahisi joto la ualimu likinipanda. "Swali zuri, Mama Shangazi," nikasema. "Mbwa huyu hana kosa. Mbwa hajui kitanda kwa umbo, anakijua kwa harufu na kwa kuzoea. Mimi nimemfundisha kwamba kitambaa hiki ndicho kitanda chake. Popote kilipo, anajua ni pa kulala."

Yaya Odette akakohoa. Akakohoa tena. Akanikanyaga.

"Kitambaa gani?" akauliza Shangazi.

"Hiki hiki cha posa," nikasema, na bado nilikuwa natabasamu, Mungu wangu, "kipande kilichobaki nilikitandika kizimbani, kwa hiyo hata hapo ulipokaa..."

Na ndipo nikaona. Nikaona kitambaa juu ya kiti, nikaona ukingo wake ulivyotafunwa kidogo kwenye pembe, nikaona manyoya ya rangi ya vumbi la reli. Yaya Odette akasema kwa sauti ndogo, "Kilikuwa kizuri, nikaona kinapotea bure mule ndani ya sanduku. Nilikikung'uta."

Shangazi Kalunga akasimama. Akakivuta kile kitambaa, akakiinua kwenye mwanga. Sponji ya Papa Bushiri ikachungulia. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Akasema, "Kitenge cha mutoto wetu, wewe ulimutandikia imbwa. Na miye ukanikalisha kwa kitanda chake, kwa kiti cha watu." Halafu, kama mnavyojua mama zetu wanavyovaa kitenge juu ya kitenge, akalegeza kile cha juu, akakivua, akakikunja katikati, akakikunja tena, polepole, akikipapasa kila mkunjo, akakitia mkobani, akafunga zipu.

Wakatoka. Furaha alikuwa wa mwisho. Hakugeuka, ila pale mlangoni aliinama akaokota vipande vya sahani, akavipanga pembeni mtu asikanyage.

Kesho yake habari ilikuwa imefika bandarini. Wapanda pikipiki walinipita wakipiga kelele "Kwako!" Mimi nililala mchana, nikaota viti vinaelea ziwani, kila kimoja na jina la mwenyewe chini ya kalio, na mimi naogelea nikivisoma. Nilipoamka nilijua kazi iliyobaki. Kapita nilimrudishia gunia lake (alilikubali bila neno; mbwa hana kiburi cha kitambaa, kiburi kilikuwa changu), kisha nikaanza kurudisha vitu vya watu, na sikukodi mkokoteni. Nilivibeba kichwani, mchana, barabara ya wazi.

Viti vya kwaya nilivifikisha wakati wanafanya mazoezi, wakanyamaza wote mpaka nilipokiweka cha mwisho. Kwa Mama Riziki nilipeleka meza na sahani mpya ya kufidia, nikamweleza mwenyewe kilichoipata ile ya kwanza. Alicheka mpaka akashika ukuta. Papa Bushiri alinipokea kwenye ua wake, akakizunguka kiti chake kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Diplome."

"Naam, Papa Bushiri."

"Imbwa analala wapi sasa?"

"Kizimbani. Mlango wazi. Na kiti hapandi."

Akafikiri. "Basi umeshinda, miye nilale na kuku. Lakini hata miye sijasikia kuku akipanda juu ya shangazi ya muntu."

Nikacheka pia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile, na kicheko kiliuma kidogo kama mguu uliokufa ganzi unapoamka.

Nimeapa, na naapa tena mbele yenu, sitamtandikia mnyama kitambaa cha heshima ya watu, sitamkalisha mgeni juu ya kiti ambacho siwezi kumwambia ni cha nani, na nikiulizwa swali zuri nitahesabu pumzi kabla ya kulijibu. Diploma bado ipo ukutani, sitaishusha. Ni halali yangu.

Nilirudi nyumbani kutoka kwa Papa Bushiri mikono mitupu, shingo inauma, deni la vitu vya watu limekwisha. Mlango wangu ulikuwa wazi. Furaha alikuwa amesimama kizingitini, akanipisha. Ndani, katikati ya sebule isiyo na kiti hata kimoja, Shangazi Kalunga alikuwa ameketi kwenye sementi, miguu ameinyoosha mbele, viatu pembeni, mgongo ukutani. Treni ya Kongolo ilikuwa bado haijaondoka, kama kawaida yake.

"Hii njo nyumba yako?" akauliza.

"Njo hii, Mama Shangazi."

"Haina kiti."

"Haina."

"Haikuwa na kiti hata siku ile."

"Haikuwa."

Akaangalia dari, akaangalia dirisha, akaangalia ziwa kule mbali lilivyokuwa jeupe kwa joto. "Miye nilitoka Kongolo kuona nyumba. Siku ile mulinionyesha nyumba ya Bushiri, ya kwaya, ya sijui nani. Leo njo nimefika." Akavuta pumzi. "Ni ndogo. Lakini ina upepo muzuri."

Nikaanza kuhesabu pumzi, kama nilivyoapa. Akapiga sakafu kwa kiganja, hapo kando yake.

"Kaa, tuongee tarehe."

Nikakaa.